Baiti Sitini na Nne

Kabla ya kugusa chochote, fundi aliuliza swali moja: "Nani mwingine ameshaigusa?"

Ilikuwa mwaka 1997, Dar es Salaam, kwenye chumba cha mbele alichopanga dada yangu kwa biashara ya kuchapa. Palikuwa na kompyuta moja, printa iliyolia kama cherehani, na boksi la disketi za wateja: barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, tasnifu za wanachuo. Disketi hizo ndizo zilizoleta kirusi. Mashine ilipoanza kuzubaa aliitwa kijana wa jirani, mwenye sifa ya kujua kompyuta. Aliiwasha kwa disketi yake ya DOS, akaitafuta diski ya C, akajibiwa kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Akatoa dawa aliyosikia inatibu kila kirusi cha kuwashia, amri ya FDISK /MBR, akabonyeza Enter. Dawa haikulalamika, haikusema hata neno. Lakini tangu hapo kompyuta, ambayo ilikuwa inazubaa tu, ikagoma kuwaka kabisa. Tasnifu saba zilikuwa humo ndani, na wenyewe walikuwa wanapita dukani kila asubuhi.

Fundi alisikiliza habari hiyo amesimama. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Kibosho, aliyeanza na redio, akahamia televisheni, na kompyuta zilipofika akazipokea kama mgeni mwingine wa kuzoewa. Hakumlaani kijana. Aliuliza tu mara ya pili, taratibu: aliandika amri gani hasa, mara ngapi, na baada ya hapo kuna mtu aliyejaribu kitu kingine? Dada akajibu kwamba yupo aliyeshauri wapige Windows upya, yeye akakataa. "Hapo umejiokoa, mama," alisema fundi, akavuta kiti.

Nimewaona mafundi wengi tangu siku ile, na bado naamini kazi nzima ilikuwa ndani ya swali lile la kwanza. Diski iliyopoteza mipaka yake ni kama eneo la tukio. Kila anayepita anaacha unyayo, na anayekimbia kusaidia huacha nyayo nyingi kuliko mwizi.

Ili kuona alichofanya, lazima tuingie kidogo ndani ya diski yenyewe. Diski ngumu ya wakati ule ilikatwa vipande viitwavyo sekta, kila kimoja baiti 512. Sekta ya kwanza kabisa ndiyo mlango. Kompyuta ikiwashwa, Baiosi, programu ya kwanza iliyomo kwenye bodi yake, huikagua mashine, kisha huichukua sekta hiyo, huiweka kwenye kumbukumbu mahali pale pale siku zote, anwani 7C00, na kuikabidhi mashine nzima. Haiulizi umetoka wapi. Huangalia tu kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, kama bawabu anayetazama rangi ya kitambulisho bila kusoma jina. Baiti 446 za mwanzo ni programu fupi ya kuwashia. Zinazofuata, 64 tu, ni jedwali la patisheni: mistari 4, kila mmoja baiti 16, inayosema diski imegawanywa vyumba vingapi, kila chumba kinaanzia wapi na kina ukubwa gani. Baiti 64 zikipotea hakuna faili hata moja lililofutwa, ila mashine haijui tena kwamba kuna nyumba.

Virusi vya kuwashia viliishi kwa kuutumia uaminifu huo wa Baiosi. Stoned, kilichoanzia Wellington, Nyuzilandi, mwaka 1987, kilijiweka mlangoni na kuihamishia sekta halali mahali pengine ndani ya duara la kwanza la diski, kwenye sekta ya 7. Nafasi hiyo ilikuwa tupu kwa desturi tu. Patisheni ya kwanza ilianza mwanzoni mwa duara linalofuata, kwa hiyo sekta zilizofuata mlango zilikaa bila mwenyewe, mara nyingi 62, kama uchochoro nyuma ya duka. Kirusi kikishapata kazi ya kwanza asubuhi, huiita sekta halali kutoka uchochoroni, na kompyuta huendelea kuwaka kama kawaida. Mwenyewe haoni tofauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa nia.

Kuna kichekesho cha uchungu hapa ambacho mafundi wa zamani hawakisahau. Michelangelo, kirusi cha ukoo wa Stoned kilichowatia watu hofu dunia nzima mwezi Machi 1992 kwa sababu kilipangwa kuharibu diski kila tarehe 6 ya mwezi huo, nacho kilificha sekta halali palepale, kwenye sekta ya 7. Mashine ikipata vyote viwili, mgeni wa pili anamhamishia mgeni wa kwanza uchochoroni na kumfunika mwenye nyumba. Sasa Baiosi inaita kirusi, kirusi kinaita kirusi, na jedwali halali halipo popote. Haikuwa hila ya mtu. Ni wezi wawili waliochagua shimo moja.

Kompyuta ya dada haikuwa na Stoned wala Michelangelo. Fundi alishaanza kukisia tangu aliposikia kwamba mashine ilikuwa inawaka yenyewe lakini ikiwashwa kwa disketi diski ya C inatoweka. Virusi vingi viliacha jedwali la patisheni mahali pake, hata vilipokalia mlango. Kimoja hakikuliacha: Monkey, kilichoonekana Edmonton, Kanada, mwaka 1991. Hicho kilibeba sekta nzima, jedwali likiwamo, kikaifumba kwa namba ya siri na kuiweka kwenye sekta ya 3. Kikiwa hai ndani ya kumbukumbu, kila anayeomba kuona mlango huoneshwa ule halali, uliofumbuliwa wakati huohuo. Kisipokuwapo, mlango hauna jedwali na diski haina vyumba. FDISK /MBR hubadilisha programu ya kuwashia na kumfukuza kirusi. Kwa Stoned hiyo ilikuwa tiba safi. Kwa Monkey ilikuwa sawa na kumfukuza mtu pekee aliyejua funguo zilipowekwa.

Fundi alitoa disketi yake kwenye bahasha ya kaki. Kitundu cha kona kilikuwa wazi, maana yake haiandikiki, kwa hiyo hata kama mashine ina kirusi, disketi haitaondoka nacho. Akaiwasha kompyuta kwa disketi hiyo na kufungua DEBUG, programu ndogo iliyokuja na DOS, isiyo na picha wala menyu, yenye kistari kimoja tu kinachosubiri. Humo akaandika maagizo machache ya kuiomba Baiosi imletee sekta moja. La kwanza lilikuwa na namba 0201. Nilikuwa nimeegemea kiti chake, akanionesha kwa ncha ya kalamu.

"Hii 02 ni soma. 01 ni sekta moja. Ungeweka 03 hapa badala ya 02, ingekuwa andika."

Tarakimu moja. Ukikosea, kile kilichomo kwenye kumbukumbu kwa bahati mbaya kinamwagwa juu ya kile unachokitafuta, na Baiosi itakujibu kwamba kazi imekamilika bila hitilafu. Alipomaliza kuandika maagizo hakubonyeza Enter. Aliyasoma yote kwa sauti ya chini, kidole juu ya kioo, kama mtu anayehesabu fedha za kikundi. Kisha akayasoma tena. Mimi nilikuwa kijana na nilichoka kungoja. Leo nikiandika amri yoyote inayogusa diski huwa nasikia sauti ile.

Sekta ya 1 ikaja: takataka, kama alivyotarajia. Ya 2: sifuri tupu. Ya 3 ikajaza skrini kwa safu za namba katika hesabu ya kumi na sita, ile inayotumia tarakimu 0 hadi 9 kisha herufi A hadi F. Mimi niliona vurugu. Yeye aliona kwamba 2E imejirudia mno. Mistari mizima ilikuwa 2E 2E 2E 2E.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Sekta halali ya kuwashia ya DOS ina nafasi nyingi za sifuri, kwa kuwa programu yenyewe ni fupi. Monkey hufumba kwa kuchanganya kila baiti na 2E kwa kanuni ya "ama hiki ama kile, si vyote viwili". Ni kama kugeuza shati nje ndani: ukiligeuza tena limerudi lilivyokuwa. Na sifuri ikichanganywa na kitu chochote hutoka kitu chenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa kirusi, alipofumba sekta yenye sifuri nyingi, aliandika ufunguo wake mwenyewe mara mia na zaidi juu ya kufuli. Fundi akashuka hadi mwisho wa sekta. Baiti mbili za mwisho zilikuwa 7B 84. Akachukua kalamu, akazifumbua kwenye ukingo wa gazeti: 55 AA.

Ilikuwa saa nne asubuhi na hakuna aliyepiga kelele ya furaha. Akaendelea na mistari ya jedwali, baiti moja moja, kwa mkono, ingawa angeweza kuandika kijiprogramu cha kufanya hivyo kwa nukta moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kijiprogramu atakiandika baadaye. Kwanza anataka kujua jibu, ili kijiprogramu kikikosea amjue mwongo. Mstari wa kwanza ukatoka hivi:

80 01 01 00 06 3F BF 6B 3F 00 00 00 C1 24 26 00

Mistari mingine mitatu ilikuwa sifuri. Diski yote ilikuwa chumba kimoja.

Nataka tukae kidogo juu ya mstari huu, kwa sababu nadhani ni maandishi mafupi yenye habari nyingi kuliko barua yoyote ya ofisini. 80 inasema chumba hiki ndicho kinachowasha. 06 inasema kimepangwa kwa mtindo wa FAT16. Kisha mpaka umeelezwa mara mbili, kwa lugha mbili tofauti. Lugha ya kwanza ni ya umbo la diski, yaani kichwa kinachosoma, sekta, na silinda, kundi la maduara yaliyopangana: anzia kichwa cha 1, sekta ya 1, silinda 0, ishia kichwa cha 63, sekta ya 63, silinda ya 619. Namba ya silinda haitoshi kwenye baiti moja, kwa hiyo biti zake mbili za juu zimekopa nafasi kwenye baiti ya sekta, ndiyo maana imeandikwa BF badala ya 3F. Lugha ya pili ni ya kuhesabu tu: ruka sekta 63, kisha chukua sekta kadhaa, idadi ikiwa imeandikwa kinyumenyume, baiti ndogo mbele, C1 24 26 00. Ukiisoma kutoka kulia unapata 2624C1, yaani 2,499,777. Zidisha kwa 512, ni baiti bilioni 1.28 hivi, na lebo ya diski ilisema hivyohivyo.

Mtu mwingine angeandika sekta hiyo mlangoni palepale na kuwasha mashine. Fundi alikataa kumwamini shahidi mmoja. Kwao Kibosho, alisema, mtu akipoteza hati ya kihamba, shamba la ukoo, hawaanzi kwa kugombana, wanakwenda kuangalia masale. Wachagga, watu wa huko, hupanda masale mpakani, na mmea huo hukaa miaka mingi baada ya aliyeupanda kuondoka. Akaandika tena 0201, akaisoma tena kwa sauti, na safari hii akaomba sekta ambayo jedwali linadai ndiyo mwanzo wa chumba.

Ikaja na EB 3C 90, alama ya mwanzo wa sekta ya namna hiyo, na pembeni, kwa herufi za kusomeka, MSDOS5.0. Chini kidogo neno FAT16. Katikati ya hapo kila chumba cha FAT hujieleza chenyewe: mbele yangu kuna sekta ngapi, na mimi nina sekta ngapi. Fundi akaweka kidole chini ya baiti nane zilizofuatana: 3F 00 00 00 C1 24 26 00. Ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kirusi hakikuwahi kufika huku. Masale yalikuwa yamesimama.

Hapo ndipo alipokubali kwamba anajua. Hata hivyo, kabla ya kuandika alinakili duara lote la kwanza, sekta 63, takataka na kila kitu, kwenye disketi tupu. Ni baiti 32,256 tu, lakini kwake hiyo ilikuwa njia ya kurudi. Ndipo kijiprogramu cha kufumbua kikaandikwa, kikatoa jibu lile lile lililokuwa kwenye gazeti, na ndipo, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, namba ikawa 0301. Nadhani aliisoma mara nne.

Wapo watakaosema huo ulikuwa uzito wa mzee. Basi wamtazame One_Half, kirusi kilichotokea Slovakia mwaka 1994. Kila kompyuta ilipowashwa kilifumba kipande kingine cha diski, kikianzia mwisho na kusogea mbele, na muda wote kikiwa hai kilifumbua chochote ulichoomba, hivyo ulifanya kazi miezi bila kujua. Ufunguo ulikaa ndani ya kirusi chenyewe. Aliyewahi na FDISK /MBR alikiua kirusi, akaua na ufunguo, na sehemu ya diski iliyokwisha kufumbwa ikageuka mchanga. Fundi mwenye subira alimwacha adui hai, akanakili faili zote kupitia mkono wa adui huyohuyo, au akasoma ufunguo kutoka kwake kwanza, ndipo akamtoa. Sijui kazi nyingine inayodai nidhamu ya namna hiyo, ya kukaa meza moja na mwizi hadi amalize kukurudishia vyombo.

Na kuna siku sekta ya 3 haina kitu, ya 7 haina kitu, hakuna aliyeficha chochote. Hapo fundi hutembea diski nzima akitafuta masale peke yake. Anatafuta sekta zinazoishia na 55 AA, zenye neno FAT au NTFS, mtindo mwingine wa kupanga chumba, kisha anazipima: je, unachosema kuhusu ukubwa wako kinafika mahali ambapo jirani yako anaanza? Kazi hiyo leo hufanywa na TestDisk, programu ya bure ambayo Mfaransa Christophe Grenier amekuwa akiitengeneza tangu 1998. Naiheshimu sana programu ile, na sababu kubwa ni tabia yake: inatafuta, inaonesha ilichokipata, inakuruhusu kuchungulia orodha ya faili zilizomo, na haiandiki kitu hadi uamuru mwenyewe. Inajua kwamba NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa chumba, na FAT32 kwenye sekta ya 6, kwa hiyo hata mlango wa chumba ukivunjwa kuna pa kuuliza.

Ila kazi ya kuamua inabaki ya mtu. Diski iliyogawanywa mara tatu katika maisha yake ina masale ya mara zote tatu. Vyumba vya zamani bado vinajitangaza kwa ufasaha uleule, vina 55 AA zao, vina ukubwa wao, na vinapandiana. Programu italeta vyumba sita mahali ambapo vinaweza kukaa viwili. Hapo utamwona fundi akiacha kioo na kumgeukia mwenye kompyuta: ulinunua lini? Ilikuwa na D? Picha za harusi ulikuwa unaziweka wapi? Anayejua mashine pekee hukwama hapa.

Kwenye kompyuta mpya jedwali la namna nyingine, GPT, limechukua nafasi ya zile baiti 64, nalo hujiandika mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa diski. Virusi navyo vimebadilika. Petya ya mwaka 2016 ilikalia mlango kama mababu zake, lakini badala ya kuficha jedwali ilifumba orodha kuu ya faili na kudai fedha. Vijana wa siku hizi wengi hawajawahi kuandika 0201 na sioni sababu ya kuwalaumu. Ninachowalaumu ni ile sentensi ya haraka, "tupige Windows," inayosemwa kabla mashine haijafunguliwa.

Kompyuta ya dada iliwaka. Ikaonesha C, ikaonesha orodha ya tasnifu, zote saba. Fundi hakuondoka. Alipekua boksi la disketi moja moja, akakuta Monkey kwenye kumi na moja, akazisafisha. Kisha akakata kipande cha karatasi nyuma ya risiti, akanakili kwa kalamu ya wino ule mstari wa baiti 16, akaulinganisha na skrini kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na kuubandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha bati.

Boksi la kompyuta ile tulilikuta stoo miaka mingi baadaye, diski imeshatolewa, bati lina kutu. Karatasi ilikuwa bado imeshika. Unyevu ulikuwa umekula herufi moja karibu na mwisho: C1 24 2, kisha doa, kisha 00. Nikaketi juu ya ndoo na kalamu. Silinda 0 hadi 619 ni 620. Mara vichwa 64, mara sekta 63, toa zile 63 za mwanzo. Nikapata 2,499,777, nikaigawa kwa kumi na sita hadi ikaisha. Chini ya doa palikuwa na 6.